Filta ya dizeli inaziba kila mara: kutafuta chanzo kwenye Hilux, HiAce na Land Cruiser za zamani

Filta nzuri ya dizeli kwenye gari lenye tangi safi hufika kilomita 10,000 na kuzidi bila shida. Kama yako inaziba baada ya kilomita mia chache, unafunga mpya, nayo inaziba, acha kuilaumu filta. Kuna uchafu unaozalishwa au kuingizwa mahali fulani, na filta inauzuia usifike kwenye pampu. Kinachoniuma nikiwa gereji ni kuona filta iliyoziba ikitupwa kwenye pipa bila mtu kuangalia ndani yake, wakati humo ndimo jibu lilimo. Mwenye gari anaondoka na filta mpya na ugonjwa uleule.

Maelezo haya yanahusu Toyota za dizeli za zamani: Hilux na HiAce zenye injini aina ya 2L, 3L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), pamoja na Land Cruiser na Coaster zenye 1HZ. Kwenye injini hizi mafuta hayasukumwi na pampu ya umeme kutoka tangini. Injekta pampu yenyewe, ile inayopeleka mafuta kwa presha kwenye nozeli (vinyunyizio vya injini), ndiyo inayoyavuta: kutoka tangini, kupitia bomba refu la chini ya bodi, hadi kwenye filta, ndipo yaingie ndani yake. Mafuta yasiyotumika yanarudi tangini kwa njia ya ritani, yaani bomba la kurudishia.

Shika mambo mawili hapo, kwa sababu yatarudi mara nyingi. La kwanza, njia yote ya kabla ya pampu inanyonywa. Penye tundu dogo hapavuji mafuta nje. Panaingia hewa ndani, na chini ya gari unaweza kukuta pakavu kabisa. La pili, mafuta yanazunguka. Uchafu unaotoka ndani ya pampu unaweza kurudi tangini na kuja tena kwenye filta.

Soma filta kabla ya kuitupa

Kazi hii inachukua chini ya saa moja, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Injini ikiwa imepoa, weka chombo safi chini ya filta, legeza nati ya kumwagia maji iliyo chini yake, na kinga kinachotoka kwenye chupa angavu. Acha chupa itulie kwa nusu saa. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, kwa hiyo maji hushuka chini yakaonyesha mstari ulio wazi. Uchafu mzito utakaa chini ya maji. Ute, ukiwepo, utakaa katikati, pale dizeli na maji yanapokutana.

Kisha fungua filta na upasue kopo lake kwa mkasi wa bati. Usitumie msumeno wa chuma, maana unga wake utaingia kwenye karatasi na kukupotosha. Kata kipande cha karatasi ya ndani, kikamue, kisha kikunjue juu ya kitambaa cheupe penye mwanga wa jua.

Unga mwekundu au wa kahawia ni kutu ya tangi au ya shingo ya kujazia mafuta. Funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni na uipitishe juu yake. Sehemu ya kutu hunata. Sumaku isipokamata kitu usiifute kutu kwenye orodha, kwa kuwa kutu nyekundu hukamatwa kwa shida.

Ute mweusi au wa kijani iliyokolea, unaoteleza kama kamasi na wakati mwingine kunuka yai bovu, ni vimelea. Ndiyo, kuna bakteria na kuvu wanaoishi kwenye dizeli. Wanahitaji maji kidogo tu chini ya tangi. Wanakaa kwenye mpaka wa maji na mafuta na kula mafuta hayo.

Weusi mkavu kama lami, usioteleza, ni dizeli iliyozeeka. Unaukuta kwenye gari lililoegeshwa kwa miezi mingi, au lile ambalo tangi lake halijazwi kamwe na mafuta ya chini hayapati kubadilishwa.

Mchanga na udongo vimeingia kwa mdomo wa tangi: dumu, faneli iliyolala sakafuni, mfuniko usiobana.

Magamba ya rangi, vipande vya silikoni au nyuzi za kitambaa vinatokana na mkono wa mtu. Tangi lilipakwa kitu ndani kikaanza kubanduka, au floti ya geji (kipimo cha mafuta ndani ya tangi) ilifungwa kwa silikoni ambayo haivumilii dizeli. Ukikuta kitu kama jeli nyeupe, uliza mafuta yalihifadhiwa wapi. Madumu na matangi yaliyopakwa zinki, kama mabati, hayafai kwa dizeli: zinki hujibizana nayo na kutengeneza sabuni inayoziba filta.

Chembe zinazometameta kama unga wa fedha ndizo mbaya kuliko zote. Hizo mara nyingi ni chuma cha pampu kinachokwanguka na kurudi tangini kwa ritani. Ukiziona, usiendelee kuendesha. Peleka gari kwa fundi wa pampu na nozeli mwenye mashine ya kupimia, na umwonyeshe ulichokikuta.

Na kama karatasi ni safi, basi filta yako haikuwa imeziba, hata kama gari "lilipona" baada ya kubadilishwa. Lilipona kwa sababu fundi alipiga pampu ya mkono (kile kitufe cha kichwa cha filta) na kutoa hewa. Ruka hadi kwenye dalili ya gari linalogoma asubuhi.

Dalili: nguvu zinaisha mlimani, tambarare linakwenda vizuri

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na haishangazi. Barabara ya tambarare inaomba mafuta kidogo. Ukianza kupanda Kitonga au Sekenke na mzigo nyuma, pampu inaomba mafuta mengi na njia haiwezi kuyatoa.

Kabla ya kulaumu filta, angalia moshi. Injini iliyokosa mafuta hupoteza nguvu bila kutoa moshi mweusi. Ukiona moshi mweusi mzito huku nguvu hakuna, injini inakosa hewa, si mafuta: fungua hava (kichujio cha hewa) kwanza, safisha au badilisha elementi yake. Kipimo hiki hakikugharimu shilingi, na watu wengi wamefunguliwa tangi bure kwa kutokifanya.

Moshi mweusi ukiwa haupo, chanzo cha kawaida ni filta yenyewe. Kinachofuata ni mipira laini kati ya bomba la chuma na filta. Mpira wa miaka mingi huonekana mzima kwa nje, lakini ndani umevimba au tabaka lake limeachana. Pampu ikinyonya kwa nguvu unajibana wenyewe. Ubonyeze kwa vidole ukilinganisha na mpya. Ulio mlaini kupita kiasi, au unaoacha weusi mkononi, badilisha. Nunua mpira wa mafuta wa dizeli, usiweke wa maji; wa maji utaanza kumomonyoka ndani na kukuletea uchafu mwingine.

Baada ya hapo angalia pumzi ya tangi (njia ya kuingizia hewa tangini) na chujio la ndani ya tangi, ambavyo ndivyo vinavyotawala dalili inayofuata. Bomba la chuma lililobonyezwa na jiwe au jeki linawezekana pia, ingawa ni nadra. Lifuate kwa macho kutoka nyuma hadi mbele.

Dalili: linazima barabarani, likipumzika dakika kumi linawaka, halafu linarudia

Hapa mtu hubadilisha filta tatu mfululizo na gari linaendelea kumzimikia. Tabia hiyo ya kupona kwa kupumzika inaeleza mengi. Uchafu mkubwa ndani ya tangi (jani, kipande cha nailoni, gamba la kutu) unanyonywa hadi kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Gari likizima, mnyonyo unaisha, uchafu unaanguka chini, njia inafunguka. Unawasha, unakwenda, unanyonywa tena.

Lakini pumzi ya tangi iliyoziba hutoa dalili inayofanana kabisa na hiyo, nayo ni rahisi kupima, kwa hiyo ianzie. Gari likianza kukata, simama mahali salama na ufungue mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, kisha gari likawaka na kwenda vizuri, tangi lilikuwa halipumui. Mafuta yalipungua, hewa haikuingia kuchukua nafasi, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Safisha mpira wa pumzi. Nyigu na vumbi hupenda kuuziba. Angalia pia mfuniko: uliowekwa baada ya ule wa awali kupotea huenda hauna valvu. Usizoee kuendesha mfuniko ukiwa umelegezwa, kwa sababu mvua na vumbi vitaingia na utaanza ukurasa mwingine wa matatizo.

Pumzi ikiwa nzima, rudi kwenye uchafu. Chomoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye filta, fungua mfuniko wa tangi, na upulize kurudi nyuma kwa pampu ya baiskeli au ya mguu. Mtu mwingine akiwa karibu na mdomo wa tangi anapaswa kusikia mapovu yakitoka kwa urahisi. Ikikataa mwanzo kisha ikaachia ghafla, umepata ulichokuwa unatafuta, na dawa ni kulishusha tangi. Kupuliza kumesukuma uchafu pembeni tu, utarudi.

Tahadhari mbili hapa. Usitumie kompresa kwa presha kubwa, kwani inaweza kung'oa chujio la ndani ya tangi au kufumua mshono. Na usinyonye dizeli kwa mdomo, hata kama fundi wako amefanya hivyo miaka yote. Dizeli ikiingia kwenye mapafu, hata kidogo, huleta homa kali ya mapafu inayoweza kuua. Aliyeipalia apelekwe hospitali mara moja, na asitapishwe.

Kipimo cha dumu

Kama bado hujui tatizo liko nyuma au mbele, fanya hiki. Kwangu mimi ndicho kipimo bora kwa injini hizi, na hakihitaji kifaa cha dukani.

Chukua dumu safi la lita tano na ulijaze dizeli uliyoichuja kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Lifunge mahali penye usalama karibu na injini, mbali na mabomba ya moshi na feni. Chomoa mpira wa kutoka tangini kwenye kichwa cha filta, weka mpira mpya unaozama ndani ya dumu. Chomoa na ritani pia, uirudishe kwenye dumu hilohilo, la sivyo litaisha haraka kuliko unavyodhani. Ziba miisho ya mabomba ya gari. Toa hewa kwa pampu ya mkono, washa, liache lingurume, kisha ipashe injini moto na ulizungushe gari mahali pa wazi kwa mwendo mdogo. Usiingie nalo barabara kuu.

Likienda vizuri na filta mpya, tangi au bomba la nyuma ndilo lenye kosa, na pampu yako iache kama ilivyo. Likiendelea kukata, kosa liko kuanzia kichwa cha filta kwenda mbele. Nimeona pampu nzima zikifunguliwa kwa gharama kubwa wakati kipimo hiki kingeonyesha kwamba tatizo lilikuwa gamba la kutu ndani ya tangi.

Dalili: asubuhi halishiki mpaka upige pampu ya mkono

Wenye magari wengi huiita filta kuziba. Karibu kila mara ni hewa. Usiku mafuta yanarudi tangini kwa sababu kuna mahali panapoingiza hewa, na asubuhi pampu inakuta bomba tupu. Ukipiga stata muda mrefu linawaka kwa kusitasita na moshi mweupe, halafu linatulia.

Anza na kichwa cha filta. Kile kitufe cha pampu ya mkono kina kiwambo cha mpira ndani yake, na hicho hupasuka kwa uzee kuliko kitu kingine chochote kwenye njia hii. Ukiona unyevunyevu wa dizeli kuzunguka kitufe, au ukikibonyeza mara nyingi hakikazi, badilisha kichwa chote au kiwambo kama kinapatikana. Kisha angalia mpira wa duara wa kitambuzi cha maji chini ya filta. Wengi huhamisha kitambuzi kwenye filta mpya na kuacha mpira uleule uliobapa. Halafu klempu za mipira, washa za shaba kwenye bolti za pampu, mipira midogo ya ritani juu ya nozeli, na mwisho mipira iliyo juu ya tangi ambayo haionekani mpaka tangi lishushwe.

Kuhakikisha, funga kipande cha mpira angavu unaovumilia dizeli kati ya filta na pampu, washa, na utazame. Mapovu machache mara tu baada ya kubadilisha filta ni ya kawaida. Mkondo wa mapovu usioisha ni hewa inayoingia. Hamisha mpira huo kabla ya filta: mapovu yakiwepo na hapo, hewa inatoka nyuma, yasipokuwepo, ni kichwa cha filta. Baada ya kipimo utoe, usiuache kuwa sehemu ya gari.

Dalili: taa ya maji ya filta inawaka

Usiifumbie macho hata kwa safari ya karibu. Injekta pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Maji yakiingia yanaondoa ulaini huo na kuanzisha kutu kwenye vyuma vilivyosagwa kwa vipimo vya kubana sana. Zima, legeza nati ya chini, piga pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu, funga, toa hewa.

Taa ikirudi baada ya siku chache, maji yapo tangini. Egesha gari mahali palipo sawa usiku kucha. Asubuhi, kabla halijatikiswa, legeza nati ya kumwagia chini ya tangi na kinga lita ya kwanza kwenye chupa angavu. Maji yakitoka, endelea mpaka yaishe.

Halafu tafuta yalikopita. Mpira wa mfuniko uliokatika na shingo iliyooza nyuma ya bodi, pale matope ya tairi yanapopiga, ndivyo vyanzo vya kwanza kwa Hilux. Mafuta yaliyonunuliwa yakiwa na maji hufuata. Hapo utakuta na magari mengine yaliyojaza mahali pamoja siku hiyo yana shida hiyohiyo. Unyevu wa hewa unaogandama kwenye kuta za tangi tupu nao huchangia, hasa Pwani, Tanga na Mombasa ambako hewa ina maji mwaka mzima. Kujaza tangi jioni badala ya kulilaza likiwa robo kunapunguza hilo.

Taa ikiendelea kuwaka ilhali chupa inaonyesha dizeli tupu, chomoa waya wa kitambuzi. Ikizimika, kitambuzi kimekwama au kimeharibika. Ikibaki, waya umegusa bodi mahali fulani.

Dalili: filta mpya inaziba ndani ya siku au wiki

Hapa ndipo kusoma filta kunapolipa, kwa sababu kila jibu lina dawa yake na dawa hazifanani.

Kutu. Tangi la chuma linashushwa. Hakuna njia ya mkato, na kuongeza filta ya pili mbele ya ile ya kwanza kunachelewesha tu. Mwaga mafuta yote, ondoa floti na bomba la kunyonyea, suuza kwa dizeli kidogo na uimwage. Tia kipande cha mnyororo mwembamba, funga midomo, lizungushe na kulitikisa kila upande. Mafundi wengi hutumia kokoto au nati. Napendelea mnyororo kwa sababu unatoka mzima, huachi hata kipande kimoja ndani. Baada ya hapo loweka kwa maji yenye asidi ya limao au dawa ya kuondoa kutu kufuata maelekezo yake, suuza mara kadhaa, kausha kwa hewa siku hiyohiyo na uzungushe dizeli ndani kabla kutu mpya haijaanza. Tangi lililolowa likilala usiku mmoja linakuwa jekundu tena. Pulizia na bomba zote mbili, la kunyonya na la ritani. Wengi husahau la ritani. Land Cruiser yenye matangi mawili isafishwe yote mawili pamoja na valvu ya kuyabadilisha.

Rangi au dawa ya kupaka ndani ya tangi siipendekezi isipokuwa chuma kimesafishwa mpaka kikang'aa na anayepaka anaifahamu kazi hiyo. Ikibanduka, magamba yake ni mabaya kuliko kutu. Tangi lililotoboka au kuliwa sana, tafuta jingine.

Kuhusu kuchomelea: tangi la mafuta halichomelewi kwa kukaushwa juani au kujazwa maji nusu. Mvuke wa dizeli uliobaki kwenye mshono hulipuka likipata joto, na mafundi wamekufa hivyo. Kazi hiyo ni ya karakana yenye mvuke wa kusafishia na utaratibu wa kuhakikisha tangi halina gesi. Kama fundi wako hana vitu hivyo, mzuie.

Vimelea. Dawa za kuua vimelea vya dizeli zipo, na jina lake huandikwa wazi kwenye chupa. Fuata kipimo cha mtengenezaji na uvae glavu. Ila dawa peke yake kwenye tangi chafu inaweza kukuzimisha njiani siku ileile, kwa sababu ute uliokufa unaachia kuta na kuja kwenye filta kwa mkupuo. Ondoa maji kwanza, safisha tangi, kisha tia dawa kwenye dizeli mpya, na uwe na filta mbili za akiba. Bila kuondoa maji vimelea watarudi.

Mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli na hayalainishi pampu ipasavyo. Madhara yake yanakuja kwa mzunguko: pampu inakwanguka, chembe zinarudi tangini, filta inazikamata. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuukamata mchezo huu, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kuondoa faida yake. Mchezo umepungua lakini tamaa haijafa, na hatari kubwa iko kwenye madumu ya kando ya barabara. Jaza sheli inayouza sana, ambako mafuta hayakai. Ukiona lori likishusha mafuta, pita au subiri. Matope ya chini ya tangi la ardhini yanakuwa yamevurugwa. Hifadhi risiti. Ukishuku, weka sampuli kwenye chombo safi na upeleke malalamiko kwa mamlaka inayosimamia mafuta: EWURA, au EPRA ukiwa Kenya.

Filta feki. Ninaiweka mwisho makusudi, kwa sababu huwa mtuhumiwa wa kwanza na ni nadra kuwa chanzo cha kuziba. Filta mbovu mara nyingi hufanya kinyume chake: karatasi yake inapitisha uchafu au gundi inaachia, na pampu ndiyo inayolipa. Angalia ndani ya mdomo wake: gundi iliyomwagika ovyo, karatasi iliyopinda au mpira mgumu kama plastiki, irudishe dukani.

Kufunga filta mpya

Paka dizeli kwenye mpira wake, ikaze kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usiikaze kwa spana ya mnyororo. Usiijaze dizeli ya dumu kupitia tundu la katikati: huo ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, na utakachomimina hapo kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Ifunge ikiwa tupu na uijaze kwa pampu ya mkono hadi ikaze.

Usiitoboe wala kuiondoa ili gari "lifike tu". Filta ni shilingi elfu kadhaa; pampu na nozeli zinaweza kula mapato ya miezi.

Pa kuacha na kumwita fundi

Acha ukiona chembe zinazometa, ukisikia injini inagonga kwa sauti kali mpya, au kama mwendo unapanda wenyewe bila kukanyaga mafuta. Acha kama kipimo cha dumu kimeonyesha kosa liko kwenye pampu. Kuifungua kunahitaji meza safi na mashine ya kupimia. Usiweke mkono wala kidole mbele ya nozeli au bomba la presha linalorusha: mafuta hayo yanatoboa ngozi, na kidonda kidogo kama cha sindano kinaweza kusababisha mkono kukatwa. Aliyepigwa apelekwe hospitali haraka hata kama haumwi.

Na kama gari lako ni Hilux Vigo au HiAce mpya zaidi, zenye 1KD au 2KD, usilegeze bomba lolote la nozeli kutoa hewa kama tulivyozoea kwenye 3L. Presha ya humo ni zaidi ya baa 1,000. Kwenye injini hizo mwenye gari aishie kwenye filta na kumwaga maji.

Baada ya matengenezo, usingoje kilomita 10,000. Mwaga maji na usome chupa baada ya kilomita 500, kisha badilisha filta kwa kilomita 2,000 na uipasue. Itaonyesha mabaki kidogo, hilo ni la kawaida baada ya tangi kusuguliwa. Ya pili ikitoka safi, rudi kwenye ratiba ya kitabu cha gari. Ikitoka na uchafu uleule kwa wingi uleule, chanzo hakijaondoka: kagua ritani, tangi la pili kama lipo, na dumu unalojazia.